Mke Mwenza Asiyepika

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, mama mmoja fundi cherehani alimuuliza kijana aliyepakata feni kama anampelekea mgonjwa. "Hapana, mama. Kompyuta yangu ina kadi nne za kuchakata picha, zimebanana. Ya juu inavuta joto la ya chini."

"Mume wangu naye anayo. Hiyo kompyuta ndiyo mke mwenza wangu: hapiki wala hafui, lakini kila saa anapapaswa ubavuni kupimwa joto. Mimi niliugua homa siku tatu, nikaambiwa nifungue dirisha."

Nilijifanya nasoma tiketi, ingawa haikuwa na la kusoma.

"Kadi zikizidi kupata moto zinakufa, mama."

"Mkeo ana feni, mwanangu?"

"Hana. Lakini hajalalamika."

"Hata mimi sijawahi kulalamika."

Basi likasimama. Kijana akashuka, ameikumbatia feni yake.