Donatien Safari, ule alitangazaka Mupira ya Magoti

Bandugu, tulifika hapa juu ya mutu moja: Donatien Safari, mukubwa yangu mimi Fiston. Kuko batu banataka tumuzike pamoja na emission yake ya televizyo. Basi basikilize maisha yake kwanza.

Donatien alizaliwaka tarehe 9 mai 1987 mu territoire ya Djugu, hapa Ituri, mutoto ya pili ya Papa Alphonse na Mama Suzanne, balimaji. Mu 1999 vita ilikimbiza familia mpaka Bunia.

Alimaliza masomo ya primaire mu quartier Shari, akapata diplôme mu 2007. Mara mbili balimufukuza mu classe juu ya kutangaza mupira wakati ya hesabu. Kumbe hakutangaza mupira, alitangaza mwalimu: “Anakaribia tableau, craie iko mu mukono, anapiga… inaenda inje.”

Alitengenezaka telefone mu soko. Mu 2016, televizyo moja ya hapa Bunia ikamupatia saa moja kila siku ya yenga, batu bakitoka kanisa. Batu balimutumia video kwa telefone: gardien anakula muhindi mu goli, mbuzi inaiba corner, bamama ya kijiji Marabo banapiga penalti na kitenge. Yeye anatangaza ile yote na heshima, kama finale ya dunia. Mu nyumba, hata bale balikuwa na kilio balicheka.

Mu 2018 alikosa. Alionyesha goli moja nzuri sana, na nyuma ya goli mulima ilionekana. Mutu ya Ituri akiona mulima anajua kijiji, akijua kijiji anajua kabila. Telefone ikaanza kulia. Bamoja bakamutisha, juu gani anaonyesha furaha ya bale ba kabila ingine. Bengine bakamutisha, juu gani anaonyesha batoto yao banafungwa goli. Directeur ya televizyo akamwambia achague upande moja, ao emission ifungwe.

Donatien hakuchagua. Siku ya yenga ile ingine aliomba batu bote bapige video chini, kuanzia magoti mpaka matope. Milima basi, sura basi. Directeur akaacha emission iendelee, na batu bakaiita Mupira ya Magoti. Tangu hapo tulijua bachezaji kwa viatu. Kulikuwa moja, Kandambili ya Kijani, alifunga magoli nane. Kila quartier ya Bunia ilisema huyu ni mutoto yetu. Donatien alijua kwao, hakusema hata kwa bibi yake.

Bibi yake ni Bibiane. Balioana tarehe 11 juillet 2015. Alitangaza mwenyewe bibi akiingia kanisa, mpaka pasteur akamunyanganya micro.

Mu 2023 figo ilianza kumusumbua. Alitangazia mu kitanda ya hospitali, Bibiane anashika telefone, bagonjwa ya pembeni banafanya supporters. Aliaga dunia tarehe 2 février 2025, saa ine ya asubuhi.

Jana directeur alikuja mu matanga. Aliongea na heshima, akasema emission iishie na mwenyewe, juu bale ba kutisha bangali banapiga telefone. Baba mudogo Michel alikubali, juu anaogopea batoto. Tusimucheke, siye wote tunaogopa. Lakini Bibiane alimuuliza Donatien ile neno mbele ya kufa, kama tuache. Alijibu:

“Siku batu bataacha kucheka, mufunge. Juu ya mutu anatisha na telefone, hapana.”

Ameacha mama yake Suzanne, bibi yake Bibiane, batoto babili, Vanessa na Fabrice, mudada moja, Mireille, na mimi Fiston, mudogo yake. Papa Alphonse alimutangulia.

Directeur amefunga mulango yake, ni haki yake. Siku ya yenga, saa moja ya magaribi, tutaweka kitambaa nyeupe ya kuonyeshea video ku ukuta ya parcelle yetu mu Shari, na Bibiane atashika micro. Mutume video, ya huku na ya kule. Mwenye kutaka kutukataza, akuje mchana, bote bamuone.

Mukubwa, Mungu akupumzishe. Siye hatutapumzika.