Mbuzi Aliyeachwa Katikati ya Mto

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mmeitika kama watu wenye njaa. Itikeni tena: Bwana asifiwe sana! Leo siwezi kusimama mahali pamoja, mnivumilie tu.

Mimi ni Mama Aline, mkulima wa hapa Nyabiondo, na wengi mnanijua kwa maharage. Lakini tangu utoto nina ugonjwa wa vitabu vya watoto. Shuleni mwalimu wetu alikuwa na sanduku la vitabu vyenye picha, na hukuruhusiwa kugusa kimoja bila kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mimi nilinawa hata siku isiyo zamu yangu! Tulipokimbia vita, wenzangu walibeba sufuria, mimi nikabeba kitabu chenye sungura kwenye jalada. Mume wangu alinitania njia nzima: "Mama, leo tutapika sungura ya karatasi?"

Nikaanza kuandika hadithi zangu mwenyewe kwenye kaye, daftari la shule, nikitoka shambani. Nilizijaribu kwa watoto wa ekodimu, shule yetu ya Jumapili. Wakinyamaza kimya, nilijua imekaa vizuri. Niliyoipenda kuliko zote ni ya mbuzi mdogo mkaidi aliyetaka kuvuka mto peke yake kumfuata mama yake. Nikaituma Goma, kwa watu wanaochapisha vitabu. Ikarudi. Nikairekebisha, nikaituma tena. Ikarudi! Mara ya tatu waliandika kwamba mambo yangu ni ya kijijini mno, na mtoto wa leo hana haja na mbuzi.

Ndugu zangu, nilivunjika moyo! Nilimkasirikia Mungu waziwazi: kwa nini ulinipa hamu hii, kama ulijua watanifungia mlango? Nikaacha ekodimu. Aline, binti yangu wa miaka minane, aliponiomba hadithi, nilimfokea: "Hapa kwangu hakuna tena hadisi!" Mtoto akaacha kuomba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Yakaja mavuno. Mnajua desturi yetu: gunia likijaa mpaka juu, tunafunika mdomo kwa majani ya mgomba, ndipo tunashona kwa kamba. Siku hiyo lori la kwenda sokoni Mubi lilikuwa linapiga honi barabarani, na majani yameisha. Kwa hasira nikachukua ile kaye ya mbuzi, nikaipasua katikati. Nusu nikafunika gunia hili, nusu gunia lile. Nikashona, nikajiambia yamekwisha.

Kumbe Mungu anasoma!

Wiki mbili baadaye motari mmoja alisimamisha pikipiki mbele ya nyumba yangu, amejaa matope mpaka usoni. Jina langu na la kijiji yalikuwa kwenye jalada la kaye. Alitumwa na Mama Rehema, mwuzaji wa maharage kule Mubi.

"Mama, mule mu gunia mulikuwa karatasi," akasema. "Batoto ba Mama Rehema balizisoma, ba jirani nabo bakakuja. Lakini mbuzi iko katikati ya mayi! Gunia ingine iliuzishwa mbele ya kufunguliwa. Batoto banalia. Ilivuka ao ilikufa?"

"Ulikuja hii njia yote juu ya mbuzi?"

"Hata mi, Mama, niko nataka kujua."

Haleluya! Nilicheka, nikalia, nikasema Bwana nisamehe. Lakini mwisho wenyewe ulikuwa wapi? Sikuwa na nakala, na kichwa changu kilikuwa kitupu kwa uchungu wa miezi yote ile. Nikamwita Aline, nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Mama alisahau namna mbuzi ilivuka. We unakumbuka?"

Alianza polepole, akiniangalia kama atafokewa. Ndugu zangu, alikuwa nayo yote! Neno kwa neno, hata wimbo wa mbuzi! Yeye akasimulia, mimi nikaandika, motari akasahau viazi nilivyompa. Mbuzi alipofika ng'ambo, yule baba mzima alipiga makofi.

Hapo nilifunguliwa. Uchungu uliondoka siku hiyo hiyo! Nimerudi ekodimu, na lori likienda Mubi sasa linabeba kaye mpya. Kitabu kilichochapishwa? Bado sina. Goma wamenikataa mara ya nne, nami nikala ugali wangu vizuri nikaendelea kuandika.

Asante Yesu! Nawe uliyekataliwa, uliyemfungia Mungu mdomo kwa hasira, usione haya. Mwamini, hajakuchoka. Njoo hapa mbele tuombe pamoja.

Aline, simama mwanangu, wakuone. Huyu ndiye ambaye Mungu alimpa kuitunza hadithi ile, wakati mimi niliitupa.