Mama Bertille na Andazi la Samy

Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, Mama Bertille Kyomba anavua blauzi yake nyeupe baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika hospitali yetu hapa Kalemie. Mingi kati ya miaka hiyo alikuwa mkuu wa wauguzi katika pavio, yaani wodi, ya watoto wanaopasuliwa. Wengine hustaafu kwa uchovu. Yeye anastaafu huku bado anatupita mbio kwenye korido, na wanafunzi wa staji, wanaojifunza kazi kwetu, wakisikia viatu vyake wanaficha simu.

Alizaliwa Kongolo, binti wa mfanyakazi wa reli, na ndoa ndiyo iliyomleta kando ya ziwa. Anasema reli ndiyo iliyomfundisha kuheshimu saa. Sisi tunaozijua treni zetu tunacheka, naye anacheka pamoja nasi, kisha anamwuliza aliyechelewa alikuwa wapi.

Miaka michache iliyopita Daktari Gérard, mpasuaji wetu, alirudi kutoka mafunzo Lubumbashi akiwa na wazo jipya: kila Jumatatu tukae pamoja, tuyataje mambo yote yaliyoenda kombo kwa watoto tuliowapasua, na kila jambo tulipe daraja. Daraja la kwanza ni dogo, kama kidonda kilichovuja kidogo kikakauka chenyewe. La pili mtoto ameongezewa dawa au damu. La tatu amerudishwa bloku, yaani chumba cha upasuaji. La nne tumempigania roho yake. La tano ni kifo, na likitajwa wote tunasimama.

Jamani, mwanzo ule! Papa Patrice, mfunga vidonda wetu, ambaye siku ya maelezo alisinzia, alidhani ni pointi za shule. Aliinuka kwa majivuno akamwombea mgonjwa wake daraja la tano. Tukasimama wote, Mama Arlette wa usafi akaanza kulia, na kumbe mtoto mwenyewe yuko uani anapiga mpira. Wengine wetu tulikuwa waoga zaidi kuliko Patrice. Kwa wiki nyingi kila jambo lilikuwa la kwanza, hata la yule aliyerudishwa bloku. Mama Bertille alichoka nasi. Alituambia daraja ni la mtoto, si letu, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Halafu zamu yake ikafika.

Samy alitoka Pepa, kule juu Marungu, na baba yake, Papa Jacob, mchungaji wa ng'ombe. Mtoto alizaliwa bila njia ya haja kubwa. Walimfungulia njia tumboni akawa anavaa kifuko cha haja, baadaye wakamtengenezea njia ya kawaida. Ilibaki operesheni moja tu, ya kufunga ile ya tumboni, ili Septemba aingie shule bila kifuko na bila kuchekwa. Daktari bingwa wa kupasua watoto alikuja kutoka Lubumbashi kwa ajili hiyo, na kesho yake ndege ilikuwa inamrudisha.

Asubuhi hiyo umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Saa zikapita. Samy, tumbo tupu tangu jana, alilia mpaka sauti ikamkauka. Kwenye korido habari ikapita kwamba operesheni zimefutwa. Mama Bertille, mwenye huruma zake, akamnunulia andazi getini. Mtoto akalimeza lote. Dakika chache baadaye umeme ukarudi, na bloku ikamwita Samy.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kunyamaza. Lakini mtoto akilazwa usingizi akiwa ameshiba, chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni, na hapo tungesimama wote. Mama Bertille aliingia bloku, mbele ya daktari mgeni na mbele yetu sote, akasema: "Mutoto amekula. Ni miye njo nilimupa."

Operesheni ikafutwa kweli. Mgeni akaondoka, na Samy akapanda lori kurudi nyumbani na kifuko chake. Mmoja wetu, kwa aibu, alimwambia baba yake kwamba mashine ilikuwa imeharibika.

Jumatatu tulitaka kulipita jambo lile upesi. Mtoto hakukatwa, hakuumia, hakunywa hata kidonge. Daraja la nini? Mama Bertille alikataa kukaa. Alisema mtoto amepoteza mwaka wa shule kwa mkono wake, na kama karatasi yetu haina mahali pa kuandika hilo, basi karatasi yetu ni kipofu. Akalia mbele yetu, mama tunayemwogopa. Daktari Gérard alichukua kalamu akaongeza mstari: jambo lisilomjeruhi mtoto lakini limemcheleweshea tiba. Tangu siku hiyo mstari huo ndio unaotufundisha kuliko yote.

Naye hakuishia kwenye mstari. Alitumia likizo yake akapanda boti hadi Moba, kisha pikipiki hadi Pepa, yeye anayeogopa pikipiki kuliko nyoka. Dereva anasimulia kwamba alisali rozari yote kwa sauti, na kwenye kona alikuwa anairudia mwanzo. Alimweleza Papa Jacob ukweli wote. Mzee yule alikasirika sana, na si kwa sababu ya andazi. Andazi, alisema, hata yeye angempa. Kilichomchoma ni ule uongo wa mashine, alioushtukia siku ileile, na alikuwa ameapa kutomleta tena mtoto wake mahali wanapodanganya. Kisha akamkaribisha maziwa. Kiangazi kilichofuata Samy alirudi, akafungwa ile njia ya tumboni, na leo yuko shuleni kwao, mtundu kama wenzake.

Kanuni mbili tulizo nazo leo zimetoka hapo. Ya kwanza: operesheni ikifutwa, mpasuaji mwenyewe anakuja kwa miguu yake kumwambia mzazi, na sababu ya kweli. Ya pili: katika pavio hakuna anayekula mbele ya watoto mpaka wa mwisho aingie bloku. Daktari Gérard, mpenda karanga, ameshakamatwa mara kadhaa nyuma ya tangi la maji. Hata Mama Syntiche, muuza maandazi wa getini, aliyenuna mwanzoni, siku hizi anauliza kwanza watoto wamebaki wangapi kabla hajafunua beseni lake.

Yeye Mama Bertille tangu siku ile hajaonja andazi. Tulipomwuliza anataka nini kwenye sherehe yake, hakutaka kitenge wala kiti. Alitaka Samy aalikwe. Papa Jacob ameitika, na ataleta nyama ya kutosha pavio nzima. Itapikwa nyumbani kwangu, mbali na pua za watoto, maana Ijumaa hiyo pia kuna operesheni.

Asante, Mama, kwa mikono yako na kwa kinywa chako kisichojua kuficha. Mungu akupe uzee mwepesi, wajukuu wasiougua, na safari zisizo na pikipiki. Sahani zitasubiri mpaka Daktari Gérard atoke kutuambia mtoto wa mwisho yuko salama. Hapo utampa Samy andazi, kwa mkono wako uleule, na safari hii hakuna atakayemwita bloku. Akimaliza kula, nasi tutakula.

Lydie, muuguzi, kwa niaba ya pavio ya watoto