Mwalimu Kelele Anaaga Darasa la Tatu

Tarehe 28 Novemba, Mwalimu Kelele anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, karibu yote katika darasa la tatu, chumba cha mwisho kwenye korido. Jina lake halisi limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Hili la Kelele tulimpa sisi wenzake, tena kwa hasira.

Alipoanza alifundisha kama sisi sote: madawati kwa mistari, na mikono inayoinuka ni ile ile kila siku. Wengine walikuja kujaza viti. Ndipo akayapanga madawati manne manne yakitazamana, ili watoto wajadiliane kwanza wao kwa wao.

Mwanzoni mambo yalienda mrama. Kila kundi lilimwachia mwepesi wao kazi yote, wenzake wakichonga penseli ambazo tayari zilikuwa na ncha. Akaweka sheria mpya: msemaji atapatikana kwa kura, vikaratasi ndani ya kopo, na alama atakazopata ni za kundi zima. Kuanzia hapo wepesi hawakuwa na raha mpaka wazito waelewe. Kelele nazo zikapanda. Sisi majirani tulilalamika hadi ofisini, na mwalimu mkuu akamweleza wazi kwamba mkaguzi akikuta vurugu ile, madawati yatarudi kwenye mistari siku hiyo hiyo.

Mkaguzi akaja. Kura ikamwangukia msichana mdogo ambaye tangu muhula uanze hakuna aliyewahi kumsikia akijibu swali. Mwalimu angeweza kutoa kikaratasi kingine, na anakiri kwamba mkono ulimwasha. Akajizuia, akanyamaza, jambo ambalo hatukujua analiweza. Msichana akasimama, akawatazama wenzake, akaeleza kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi: mkate ukigawanywa kwa watu wengi zaidi, chako kinapungua. Mkaguzi akataka kujua nani kamfundisha. Akajibu kwamba ni hawa, akiwaonyesha wenzake watatu, bila hata kumtupia jicho mwalimu wake.

Mwalimu Kelele alijificha nyuma ya kabati, akalia kwa furaha. Anasema hajawahi kusifiwa vizuri kama siku ile aliyosahauliwa. Madawati yalibaki yalivyo, na sasa korido nzima imepangwa hivyo.

Asante, dada yetu. Mumeo tumeshamwonya ajiandae. Kapumzike kwa afya na furaha, na ujue tunakupenda sana.