Nilidanganya ku Lopitalo kwa Jina la Yesu

Bwana asifiwe, bamama. Ushuhuda wangu wa leo ni juu ya uongo, na mwenye kudanganya ni miye.

Munajua ile miaka kampani iliacha kulipa babwana wetu. Njo pale nilizaa mutoto wangu wa ine, na kisha kuzaa nikageuka muntu mwingine. Mwili ukavimba, sauti ikakuwa nzito sawa ya baba. Na kulala, bamama! Nilikuwa nalala nimeshika mwiko. Asubuhi moja mutoto akatambaa mpaka ku mbabula, makaa iko inawaka, na miye niko nalala pembeni. Mama mukwe njo alimunyakua. "Weye utamuua huyu mutoto," akasema, akamubeba, akaenda naye kwake Kambove. Sikumukasirikia. Nilijikasirikia mwenyewe.

Ku lopitalo daktari aliandika mambo yote, hata ya mutoto kule Kambove, akanishika shingo, akasema kile kitu cha ndani, tiroide, kimechoka kufanya kazi. Akanipa komprime za kumeza, moja kila asubuhi. Lakini damu haikupimwa, laboratware ilikosa dawa za kupimia. Basi kila mwezi enfirmie, muuguzi wa pale, mama mukubwa asiye na muchezo, ananiuliza maulizo ya ku karatasi. Unasikia baridi? Unachoka? Unasahau? Kazi ya nyumba unaimaliza? Majibu yangu njo yangeonyesha kama dawa inatosha.

Sasa muangalie akili yangu. Huku ku kikundi chetu cha maombi tulikuwa tunafundishana: ukisha kuombewa, usitamke tena ugonjwa kwa kinywa. Na mulikuwa mumeniombea! Kwa hiyo kila ulizo najibu: "Hapana mama, sava, nimepona kwa jina la Yesu." Yeye anaandika. Dawa inabakia ileile. Miezi mitano! Narudi nyumbani, nalala na viatu.

Ikafika mwezi wa kumi wa mwaka, na jua la Likasi munalijua. "Unasikia baridi?" "Hapana, mama." Akaweka biki yake ya kuandikia chini.

"Na haya makoti mawili ni ya nini?"

Nikavuta koti la juu, nikafunga vifungo. Akafungua karatasi zote. "Hapa iko imeandikwa umepona. Basi kesho enda Kambove, ubebe mutoto wako."

Mayo wee! Nililia mpaka bagonjwa ku benchi bakageuka. Nikamuambia: mama, siwezi, ataungua mikononi mwangu. Nikamuambia tena: niliogopa kusema ukweli, Mungu asione sina imani.

Akanishika mukono. "Mungu anajuaka, mutoto wangu. Ni miye sijui."

Tukaanza upya. Baridi? Ndiyo. Kuchoka? Ndiyo. Choo? Siku tano sijaenda! Mucheke tu. Daktari akaongeza dawa. Ilikuja polepole: nilifua nguo nikamaliza, kisha nikavua koti moja. Siku nilivua la pili, nikapanda lori mpaka Kambove. Mama mukwe hakunipa mutoto palepale. Alinitazama siku tatu, napika, nafagia, naamka mbele yake. Siku ya ine akanifungia mutoto ku mugongo yeye mwenyewe.

Aksanti kwa ule enfirmie. Aksanti kwa mama mukwe: kama hakumubeba mutoto ile siku, leo singesimama hapa. Aksanti kwenu pia, maombi yenu hayakupotea, ni miye niliyafunika na uongo. Ndugu zangu, nawaambia: hapa tuimbe kupona kwetu, lakini mwenye kukutunza akikuuliza unalala namna gani, mwambie namna unalala. Mwezi uliopita nilijibu, "Nachoka bado kidogo," na imani yangu iko palepale.

Sasa muniruhusu nikae. Mutoto ameanza kulia kule nyuma, na miye mama yake njo nimemusikia wa kwanza.