Mashine Inakausha Barabara

Fundi cherehani alipanda basi mvua ikinyesha, roho mkononi: gauni la bi harusi limeota madoa ya ukungu mgongoni, harusi ni Jumamosi, na dobi ndiye tumaini la mwisho. Mama wa makamo aliyekaa dirishani kando yake akalitazama gauni mapajani mwake, akauliza tu, "Limepatwa na nini hilo, mwanangu?" Basi, ni kama kafungua bomba!

"Ni mama mkwe wangu! Chumba changu cha kushonea kina unyevu kama kisima, nikanunua mashine ya kukausha hewa. Nikitoka tu, anafungua madirisha yote. Mvua inanyesha, mashine inanguruma, yeye kajikalia. Inakausha barabara, mama!"

"Lakini nyumba lazima ipumue."

"Ipumue, sawa, mvua ikikatika! Kila jioni namwaga ndoo nzima ya maji ya mashine na ukuta bado unatoka jasho. Nikimwambia, ananijibu, 'Si unaona inavyofanya kazi? Ndoo imejaa.'"

"Kwani kakosea? Si imejaa?"

Fundi akamtazama. Akamtazama tena. "Mama, kwani nawe una mkwe?"

"Ninaye, mke wa mwanangu. Naye kaleta kidude kama hichohicho, kinakoroma kutwa." Basi likasimama, mama akakusanya mikoba yake. Kabla hajanyanyuka, akalisukuma dirisha likawa wazi, na matone ya mvua yakarukia gauni.

"Angalau upate hewa, mwanangu," alisema kwa huruma kabisa. "Unavyohema hivyo!"