Dawa Nilizoziweka Madhabahuni

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, naomba msinipigie makofi kwanza. Mara ya mwisho niliposimama hapa mlinipigia makofi na vigelegele, na nilichosema hakikuwa kweli.

Mimi ni Paulina. Wengine mnanikumbuka kiwandani, kwenye mitambo ya kufuma, na jioni kwenye timu ya riadha. Nilikuwa nakimbia, jamani! Tukipanda mwinuko wa Kilakala, wanaume walikuwa wanaona kisogo changu. Halafu mitumba ikajaa mjini, vitambaa vyetu vikakosa wanunuzi, kiwanda kikauzwa, tukapewa barua za kupunguzwa. Nikaanza kuuza vitumbua stendi ya Msamvu. Nilipokohoa nikasema ni moshi wa jiko. Nilipokonda nikasema ni mawazo. Nilipotema damu nikaishiwa visingizio, nikaenda kupima makohozi. Ni kifua kikuu.

Kwenye benchi la kliniki nilimkuta Mama Anjela, tuliyefuma naye bega kwa bega miaka mingi. Tulianza dawa wiki moja. Sista, muuguzi wa pale, alituambia ni miezi minane, na tusiruke hata siku moja.

Mwezi wa tatu kikohozi kikakatika. Sketi zikaanza kunibana. Kanisa likatangaza mbio za hisani za kuchangia vitanda vya wodi ya kifua kikuu, nami nikanunua raba mitumbani, kwenye mafungu yaleyale yaliyotuulia kiwanda, nikaanza mazoezi. Jumapili ile mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikaja mbele mbiombio. Nikasema nimepona, sihitaji tena vidonge, nikaweka pakiti yangu hapa hapa madhabahuni. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kuonekana tena niko mbele. Mama Anjela akainuka, akaweka pakiti yake pembeni ya yangu.

Yeye akarudi kwao milimani kulima maharage. Mimi nikaendelea na mazoezi. Baada ya miezi kadhaa, kwenye mwinuko wa Kilakala, kifua kilinibana, nikapiga magoti kando ya barabara na kutema damu kwenye fulana. Pale kliniki Sista hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwenzako yuko wapi?"

Kesho yake nikapanda milima ya Uluguru kumfuata. Zamani njia ile ningeimaliza kabla jua halijawa kali. Siku hiyo nilikaa kwenye kila jiwe. Sijawahi kutaka kuwahi mahali kama nilivyotaka kuwahi pale, na miguu ilikataa! Nilipofika nikakuta wanaume wamekaa mkekani nje. Walikuwa wamemzika juzi yake.

Nikamwamkia mumewe, Baba Anjela, "Shikamoo, baba." Akaitikia marahaba, akanipa uji. Kisha akasema, "Nilimbembeleza ashuke mjini akachukue dawa. Akaniambia, mbona Paulina kapona, si anakimbia?"

Ndugu zangu, niliuweka uji ule chini.

Wakati naondoka, mzee alinisindikiza hadi njia panda. Akasema, "Rudi kwenye dawa, mwanangu. Ukipata nguvu, waambie ukweli palepale ulipowaambia uongo."

Nikaanza upya. Sindano kila asubuhi, vidonge mbele ya macho ya Sista. Siku nyingi nilitamani kufa, nasema wazi. Nilikuwa nadhani muujiza ni kuacha dawa. Muujiza wangu ulikuwa kuamka kila siku na kumeza, wakati mimi mwenyewe nilishajikatia tamaa. Bwana alinishika pale, kwenye kikombe cha maji. Makohozi yakapimwa, yakawa safi. Nikamaliza dawa zote. Nikaanza kutembea mpaka kona, kisha mpaka shule, kisha nikakimbia kidogo kidogo kama mtoto.

Mbio za mwaka ule zilinipita. Za mwaka huu nimekimbia jana. Nimefika wa mwisho, watu wanakunja kamba ya kumalizia. Aliyebaki kunisubiri ni Baba Anjela. Alinishika mkono. Leo amekaa pale nyuma, karibu na mlango. Amekuja kusikia kama nitasema.

Baba, nimesema. Sikuwa nimepona, na mkeo aliniamini. Naomba unisamehe.

Namshukuru Mungu aliyeniacha hai, ingawa sijui kwa nini mimi na siyo yeye. Mwaminini, ndugu zangu! Hachoki kutusubiri, hata tukija wa mwisho. Lakini kama kuna mtu hapa aliyeacha dawa zake kwa sababu ya maneno yangu, asione haya. Kesho asubuhi nitakuwa nje ya mlango huu nimevaa raba zangu. Tutakwenda kliniki pamoja, na tutatembea kwa mwendo wako.